Ajali za vivuko vya reli Uingereza na jinsi polisi wanavyofunga njia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili na wanaoishi Uingereza, nami nimeyasikia misibani, kazini na zaidi ndani ya treni iliyosimama gizani kati ya vituo viwili. Mengi huanza na lawama: "Polisi wamefunga njia saa nzima, wanafanya nini muda wote huo?" Majibu yanahusu England, Wales na Scotland.

## Mambo ya msingi

1. Kivuko cha reli ni nini, na kwa nini vinatofautiana?

Ni mahali ambapo barabara au njia ya miguu inakatiza reli kwa usawa mmoja, bila daraja juu wala chini. Network Rail, shirika linalomiliki sehemu kubwa ya reli, lina takriban vivuko 6,000. Vingine vina vizuizi vinavyofunga barabara yote kutoka ukingo hadi ukingo. Vingine vina nusu vizuizi, ambavyo hufunga upande wa kuingilia tu na kuacha upande wa kutokea wazi. Mashambani kuna mageti ambayo mwenye gari huyafungua mwenyewe, na kuna njia za miguu zenye kibao tu kinachokuambia usimame, utazame na usikilize.

Tofauti hizi ni za uhai. Kwenye vizuizi kamili, treni hairuhusiwi kuendelea mpaka ithibitishwe, kwa macho, kamera au rada, kwamba hakuna kitu juu ya reli. Kwenye nusu vizuizi hakuna anayetazama. Treni yenyewe ikikaribia ndiyo inayowasha taa na kushusha vizuizi, nayo inakuja, uwe umetoka au hujatoka.

2. Nusu vizuizi vinanipa muda gani?

Tangu taa ya manjano iwake mpaka treni ifike, muda wa chini ni sekunde 27. Ndani ya hizo kuna taa ya manjano, kisha taa mbili nyekundu zinazopokezana, king'ora, na vizuizi vinavyoshuka. Taa zikiendelea kuwaka baada ya treni moja kupita, maana yake kuna nyingine njiani, mara nyingi kutoka upande wa pili.

3. Kwa nini dereva wa treni asifunge breki tu?

Hufunga. Lakini treni inayokwenda kilomita 200 kwa saa huhitaji karibu kilomita 2 ili isimame, na dereva akiliona gari mbele yake huwa amebakiwa na mita mia kadhaa. Hawezi kukwepa. Kwa madereva wengi hilo ndilo jeraha linalobaki: kuona, kufunga breki, kupiga honi, na kujua kwamba haitoshi.

## Ukikwama juu ya reli

4. Gari limezimika juu ya reli. Nianze na nini?

Toa watu wote garini na uwaweke mbali na reli. Usianze na mizigo, wala usianze kuwasha gari mara ya tano. Pili, tumia simu ya kivuko kumweleza msimamizi wa ishara, yaani mtu anayeongoza treni katika eneo hilo, na ufuate atakachosema. Ukiwa na muda baada ya hapo, jaribu kulisukuma gari. Taa zikiwaka au king'ora kikilia, liache na ukimbie.

Simu yenyewe watu wengi hupita kando yake miaka na miaka bila kuiona. Kwenye kivuko ninachovuka kila wiki imo ndani ya kisanduku kilichofungwa kwenye nguzo, na mlango wake huvutwa kwa mkono bila ufunguo. Ukiinua mkono wa simu, hubonyezi namba yoyote. Inaita moja kwa moja kwa msimamizi wa ishara. Jirani na simu kuna kibao chenye jina la kivuko. Msomee jina hilo kama lilivyoandikwa, kwa sababu yeye anaweza kuwa mji mwingine, na "niko karibu na duka la samaki" hakumsaidii.

5. Je, kupiga 999 si rahisi zaidi?

Simu ya kivuko inamfikia mtu mwenye uwezo wa kuzisimamisha treni. 999 inamfikia mtu ambaye naye lazima amtafute huyo. Kama simu ya kivuko haifanyi kazi au haipo, piga 999 na useme wazi kwamba ni kivuko cha reli. Namba ya Network Rail ya saa 24 ni 03457 11 41 41.

Historia ya simu hizi imeandikwa kwa damu. Tarehe 6 Januari 1968, huko Hixon katika jimbo la Staffordshire, gari kubwa lililobeba transfoma ya tani 120 lilianza kuvuka nusu vizuizi kwa mwendo wa kutambaa. Polisi walikuwa wakilisindikiza. Kibao cha kuagiza magari ya namna hiyo yapige simu kwanza kilikuwepo, lakini maandishi yake yalikuwa madogo na hakuna aliyepiga, si wenye mzigo wala polisi. Treni ya haraka kutoka Manchester kwenda London iliwakuta katikati, na watu 11 walikufa. Baada ya uchunguzi wa hadhara vibao vilikuzwa na maagizo kwa magari makubwa yakawekwa wazi.

Miaka 36 baadaye, tarehe 6 Novemba 2004, huko Ufton Nervet katika jimbo la Berkshire, askari polisi aliyekuwa nje ya zamu aliliona gari limesimama juu ya reli, akaikimbilia simu. Safari hii kulikuwa na aliyejua la kufanya. Kilichokosekana ni muda. Treni ya kutoka London Paddington kwenda Plymouth ilifika kabla ujumbe haujapita. Walikufa watu saba: dereva wa treni, aliyekuwa garini, na abiria watano. Mwaka 2016 daraja la barabara lilifunguliwa pale na kivuko kikafungwa. Kwa maoni yangu daraja hilo ndilo jibu pekee lililokamilika.

6. Ninaendesha lori. Ni lini lazima nipige simu kabla ya kuvuka?

Kwenye vivuko vyenye kibao cha kuagiza hivyo, gari refu, pana au zito kuliko vipimo vilivyoandikwa kwenye kibao hicho, au lisiloweza kuzidi kilomita 8 kwa saa, lazima liombe ruhusa kwanza. Ukishavuka, piga tena kama umeagizwa. Mkulima anayevusha ng'ombe naye hupiga kabla na baada.

## Polisi na kufungwa kwa njia

7. Ni polisi gani wanaohusika?

British Transport Police, polisi wa reli wanaofanya kazi England, Wales na Scotland. Mara nyingi askari wa jimbo hufika kwanza kwa kuwa wako karibu. Hulinda eneo mpaka wenzao wa reli wafike. Kwa jambo lisilo la dharura unaweza kuwatumia polisi wa reli ujumbe mfupi kwa 61016 au kuwapigia 0800 40 50 40.

8. Ni polisi wanaosimamisha treni?

Hapana, na hapa ndipo wengi hukosea. Anayesimamisha ni msimamizi wa ishara, kwa taa nyekundu na kwa wito wa dharura wa redio unaosikika kwa madereva wote wa eneo hilo. Umeme nao hukatwa na chumba chake cha udhibiti: nyaya za juu zina volti 25,000, na reli ya tatu inayotumika sana kusini mwa England ina volti 750. Mpaka polisi, zimamoto na wahudumu wa gari la wagonjwa wathibitishiwe kwamba treni zimesimama, na pale inapohitajika kwamba umeme umekatwa, hawapaswi kukanyaga kokoto. Dakika za mwanzo ambazo mtazamaji huziona kama uzembe, askari wamesimama tu kando ya uzio, mara nyingi ni za kusubiri uthibitisho huo.

9. Kisha wanafanya nini muda wote huo?

Kwanza ni uhai. Aliye hai hutolewa na kutibiwa kabla ya jambo lingine lolote, hata kama ushahidi utavurugika. Baada ya hapo, kama kuna aliyefariki, polisi lazima waamue tukio liko kundi gani kati ya matatu: lisilotiliwa shaka, ambalo halijaelezeka, au linalotiliwa shaka. Uamuzi huo ndio unaopanga saa zinazofuata. Likitiliwa shaka, eneo lote ni mahali pa uhalifu na hakuna kinachosogezwa mpaka wapelelezi wamalize. Likiwa halijaelezeka, hukusanywa ushahidi utakaotosha baadaye, kisha njia huachiliwa.

Katika ajali ya kivuko ushahidi umetawanyika mahali pengi. Kuna alama za matairi barabarani, vioo, sehemu ya gari iliyogongwa na mwelekeo wa pigo. Kuna vizuizi: je, vilikuwa chini? Taa ziliwaka? Kumbukumbu za mitambo ya kivuko huonyesha hilo kwa sekunde. Treni ina kinasa taarifa kinachohifadhi mwendo, breki na honi, na treni nyingi zina kamera inayotazama mbele. Mashahidi walio kwenye foleni ya magari lazima wapatikane kabla hawajageuza na kuondoka. Dereva wa treni huhojiwa kwa upole, kisha huondolewa kazini siku hiyo na mwingine huletwa.

Halafu kuna kazi ambayo hakuna anayependa kuieleza. Marehemu lazima atolewe kwa heshima na kwa ukamilifu, na njia yenyewe itembelewe kwa miguu, pengine kwa mamia ya mita, kwa tochi na usiku wa mvua. Nimewahi kuwaona kupitia dirisha la behewa: watu wanne katika makoti yanayong'aa, wamepanga mstari, wanatembea polepole wakitazama chini, na hakuna anayesema. Ndani ya behewa letu mtu alikuwa akilalamika kuhusu chakula chake cha jioni. Aliponyamaza ni pale alipowaona.

10. Nani mwenye kauli ya mwisho ya kufungua njia?

Ni hatua mbili. Polisi huachilia eneo wakimaliza uchunguzi wao, na Network Rail huamua kama njia ni salama kupitisha treni. Kwenye eneo huwa na afisa mmoja wa reli aliyeteuliwa kusimamia upande wa reli, na polisi huzungumza naye yeye ili amri zisigongane. Mafundi hukagua reli, mataruma, nyaya na vizuizi. Wakati mwingine njia moja hufunguliwa huku ya pili ikiwa bado imefungwa, na treni ya kwanza huagizwa kupita polepole. Vizuizi vikiwa vimevunjika, mtu huwekwa pale kukisimamia kivuko kwa mkono hata kwa siku kadhaa.

11. Nimesikia kuna lengo la dakika 90. Ni kweli?

Ndiyo. Kwa vifo visivyotiliwa shaka na ambavyo havijaelezeka, polisi wa reli hulenga wastani wa dakika 90 kabla ya njia kuachiliwa. Ni wastani, kivuko cha mashambani kinachofikika kwa njia ya udongo hakifanani na kituo cha London. Treni ikiwa imeacha reli, hesabu si ya dakika tena, kwa sababu zinahitajika kreni na mafundi wa kujenga upya kipande cha reli.

12. Kwa nini baada ya polisi wanakuja wachunguzi wengine?

Hao ni Rail Accident Investigation Branch, chombo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003 na kuanza kazi 2005. Hakitafuti wa kumlaumu wala wa kumshtaki. Kinatafuta kilichosababisha na kutoa mapendekezo. Polisi wanatafuta kama kuna kosa la jinai, na Office of Rail and Road husimamia sheria za usalama wa reli. Katika England na Wales, afisa wa mahakama anayechunguza vifo huendesha kesi yake tofauti. Familia hujikuta ikiulizwa maswali yaleyale na watu wanne. Ni vyema kuuliza kila mmoja anatoka wapi na taarifa yako itatumika kwa lipi.

## Kwa abiria

13. Treni yetu imesimama saa mbili na kituo kinaonekana. Mbona hatuachiwi tushuke?

Kwa sababu mtu mmoja akishuka, njia zote zinazokuzunguka lazima zisimamishwe na umeme ukatwe tena, na wote waliokwama watakwama zaidi. Tarehe 2 Machi 2018, karibu na Lewisham kusini mwa London, abiria waliochoka kwa baridi na giza walishuka wenyewe penye reli ya tatu yenye umeme. Treni nyingi zilikwama nyuma yao kwa saa nyingi. Uchovu wao naufahamu, na waendeshaji walistahili kukosolewa kwa kuwaacha bila taarifa, lakini kushuka kuliiongeza hatari. Kama kuna mgonjwa, mtoto mchanga au mtu aliyezidiwa, mweleze mhudumu mapema.

14. Njia imefunguliwa. Mbona bado hakuna treni?

Treni na madereva wake wameachwa mahali pasipo pao. Anayepaswa kuendesha treni yako ya saa moja amekwama kwenye ile ya saa kumi na moja, na zamu yake imekwisha. Kupanga upya kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kufungwa kwenyewe.

15. Ninaweza kudai fidia kama chanzo ni ajali?

Ndiyo. Mpango wa Delay Repay, kwa kampuni zinazoutumia, haujali chanzo. Unaangalia ulichelewa dakika ngapi, kuanzia 15 au 30 kutegemea kampuni. Dai ndani ya siku 28 na hifadhi tiketi.

## Sheria na lawama

16. Kupita taa nyekundu za kivuko kuna adhabu gani?

Kwa kawaida ni faini ya pauni 100 na pointi tatu kwenye leseni. Kesi ikifika mahakamani faini inaweza kufika pauni 1,000. Kupita kwa kupindapinda kati ya nusu vizuizi ni jambo zito zaidi. Anayezuia treni kwa makusudi au kwa uzembe anaweza kushtakiwa chini ya sheria ya mwaka 1861, ambayo inaruhusu kifungo cha hadi miaka miwili.

17. Je, kosa huwa la mvukaji siku zote?

La hasha, na naomba jambo hili lisisahauliwe. Tarehe 3 Desemba 2005 huko Elsenham, jimbo la Essex, wasichana wawili wa miaka 13 na 14 waliokuwa wakiwahi treni yao waligongwa na treni nyingine kwenye kivuko cha miguu cha kituo. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba hatari ya pale ilikuwa imeandikwa kwenye nyaraka za ndani miaka kadhaa kabla. Mwaka 2012 Network Rail lilitozwa faini ya pauni milioni 1. Wazazi ndio waliosukuma jambo hilo mpaka likafika huko.

Huko Moreton-on-Lugg, Herefordshire, tarehe 16 Januari 2010, msimamizi wa ishara alikatishwa na simu kutoka kivuko kingine. Akarudi kazini akidhani treni imekwisha kupita, akainua vizuizi. Abiria mmoja wa gari alifariki. Mtambo wa kumzuia asifanye hivyo haukuwepo pale. Ukisikia kwamba "dereva alikosea", subiri ripoti.

## Hali za pekee

18. Niliona ajali, lakini Kiingereza changu ni kidogo.

Toa ushahidi wako kwa Kiswahili. Una haki ya kuomba mkalimani, na hulipii. Usikubali mtoto wako akutafsirie maelezo ya kifo. Soma, au usomewe, maelezo yote kabla ya kutia sahihi.

19. Kwa nini polisi hawasemi mtu alifikaje relini?

Kwa sababu sababu ya kifo haisemwi na askari wa kwanza kufika, bali na mahakama ya uchunguzi. Tena, habari zinazoeleza namna kifo kilivyotokea zinaweza kumdhuru mtu mwingine aliye katika hali ngumu. Kama ni wewe, au ni mtu unayemjua, Samaritans wanapokea simu bure kwa 116 123, mchana na usiku, na ukimwona mtu amesimama peke yake kwa namna inayokutia shaka, kumsalimia tu na kumuuliza swali la kawaida kunaweza kumrudisha.

20. Nimejifunza kuendesha Dar es Salaam. Kuna cha kusahau?

Kwenye reli ya zamani ya pale, dereva huzoea kuisikia treni kwa mbali na kumtazama mwenye bendera, na treni haina mwendo mkubwa. Reli mpya ya SGR haina vivuko vya barabara kabisa. Barabara hupita juu au chini. Uingereza ina mchanganyiko mgumu: treni zinazofika kilomita 160 kwa saa kwenye vivuko visivyo na mtu. Sikio halitoshi.

21. Ndugu yetu amefariki kwenye kivuko na tunataka kumzika nyumbani. Tutangoja mpaka uchunguzi uishe?

Kwa kawaida hapana. Katika England na Wales, uchunguzi unaweza kuchukua miezi mingi, lakini mwili huweza kuachiliwa mapema, mara uchunguzi wa kitabibu utakapokamilika. Omba mambo mawili kwa ofisi ya afisa wa mahakama anayechunguza vifo: cheti cha muda cha kifo, na ruhusa ya kutoa mwili nje ya nchi. Bila ruhusa hiyo, wanaosafirisha mwili hawawezi kuendelea, hata kama tiketi na jeneza viko tayari.

Polisi wa reli huteua askari maalumu wa kuwa kiungo na familia. Mweleze tangu siku ya kwanza dini ya marehemu, nani mwenye kauli katika familia, na kama mna haja ya kuzika haraka. Scotland utaratibu ni tofauti: huko vifo huchunguzwa na ofisi ya mwendesha mashtaka, nayo ndiyo ya kuombwa.